Huduma Isiyojua Inachobeba

Siku mochwari ilipounganishwa na mfumo, Jesca alianza kazi kwa kupiga ishara ya msalaba mbele ya kompyuta, kama alivyofanya kila asubuhi. Benjamin, mkuu wa kitengo, akamtania kama alivyomtania kila asubuhi.

"Dada Jesca, hiyo seva ni ya Katoliki au ya Kilutheri? Isije ikawa unaiombea sala isiyoielewa."

"Wewe cheka tu. Ikizima utaniita nikuombee na wewe."

Ofisi yao ilikuwa chumba chembamba nyuma ya famasi, katika hospitali ya masista kule Mbagala, ndani kidogo kutoka Barabara ya Kilwa. Jesca aliingia hospitalini humo akiwa karani wa mafaili. Kuandika programu alijifunza ukubwani, jioni baada ya kazi, katika darasa lililojaa vijana waliomwita mama. Wengi walimwambia amechelewa. Hakubishana nao; aliomba, akasoma, akafaulu. Ndiyo maana kazi hii hakuiona kama ajira tu. Aliiona kama kitu alichokabidhiwa, ambacho siku moja ataulizwa alikifanyia nini.

Zamani hospitali ilikuwa na programu moja kubwa iliyofanya kila kitu. Maabara ikikwama, mapokezi nayo ilikwama. Famasi ikitaka kubadilisha jambo dogo, ilibidi hospitali nzima izimwe na watu wapange foleni hadi getini. Benjamin na Jesca waliivunja programu hiyo vipande vipande, kila kipande wakakipa kazi moja na mlango mmoja. Vipande hivyo wakaviita huduma. Huduma ya mapokezi ilijua mgonjwa ni nani na ndugu yake ni yupi. Huduma ya maabara ilijua vipimo, ya famasi ilijua dawa. Hakuna iliyoingia jikoni kwa mwenzake. Ikihitaji kitu ilibisha hodi, ikauliza kwa lugha waliyokubaliana, ikajibiwa, ikaondoka. Moja ikilala, nyingine ziliendelea na kazi.

Jesca aliupenda mpango huo kwa sababu aliuona kanisani kila Jumapili. Anayepiga kengele hapangi maua, anayepanga maua hasomi somo, na misa inakwenda vizuri kabisa.

Katika huduma zote, aliyoipenda zaidi ni ya ujumbe, kwa kuwa aliijenga kwa mikono yake. Kazi yake ilikuwa kutuma meseji kwenye simu ya ndugu wa mgonjwa. Mtu akihamishwa wodi, ndugu anajua. Akitoka chumba cha upasuaji salama, ndugu anajua. Akina mama waliokuwa wakilala kwenye majani nje ya uzio wakisubiri habari, sasa walingoja nyumbani kwao. Huduma ile haikuuliza nani anayebisha wala kwa nini.

"Ndiyo uzuri wake," Benjamin alipenda kusema. "Haijui inachobeba, na haitakiwi kujua. Ipe bahasha, itafikisha."

Mochwari ndiyo iliyokuwa imebaki nje. Asubuhi hiyo Benjamin aliifungulia mlango, na Jesca akakaa mbele ya kioo cha kompyuta kutazama mistari ikipita, ahakikishe mgeni amekaribishwa vizuri. Ikapita meseji ya mtoto aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Ikapita ya bibi aliyehamishiwa wodi ya macho. Halafu ikapita hii:

*Habari MAUWA. Tunapenda kukujulisha kuwa hali ya mgonjwa wako JAMALI imebadilika na sasa ni: MAREHEMU. Asante kwa kuchagua hospitali yetu.*

Jesca aliisoma, akairudia.

"Mama Maria," akasema. "Ben. Ben, njoo uone."

Mauwa hakuwa jina tu kwake. Hospitali nzima ilimjua. Mumewe Jamali, mchonga vinyago, alianguka kibandani kwake akiwa bado ameshika patasi. Presha ilipasua mshipa kichwani. Mauwa alimuuguza akiwa na mimba kubwa, analala kwenye mkeka chini ya kitanda chake, mpaka miguu yake mwenyewe ikavimba na macho yakaanza kuona kiza. Alfajiri ya siku hiyo madaktari walimkimbiza kumpasua ili waokoe mama na mtoto. Wote wawili walitoka salama, lakini daktari aliacha neno: presha ya huyu mama bado iko juu mno, kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata baada ya kujifungua, asishtuliwe kwa lolote. Naye Jamali, katika wodi ya wanaume, alikata roho mkewe akiwa bado amelala kwa dawa ya usingizi.

Benjamin aliisoma ile meseji, utani ukamtoka usoni kama maji.

"Zima foleni ya meseji," Jesca akasema.

"Imeshatoka kwetu, dada. Iko kwa kampuni ya simu." Akasogeza uso kwenye kioo. "Lakini haijafika. Ona: inasubiri, simu imezimwa."

"Waambie wairudishe!"

Benjamin alipiga, akaweka spika. Dada mmoja wa sauti tamu na tulivu akamsikiliza mpaka mwisho. "Pole sana kaka. Ujumbe ukishapokelewa na mtambo wetu haurudi. Mteja akiwasha simu yake tu, unaingia. Kuna jambo lingine la kukusaidia?"

Benjamin akakata. "Ni nani aliyeandika hii sheria?" aliuliza, na hakuwa akimuuliza mtu.

Hakuna aliyeiandika, na hapo ndipo palipokuwa na kosa. Walikaa kikao, madaktari, mapokezi na Sista Felicitas muuguzi mkuu, wakaorodhesha hali zote za mgonjwa ambazo ndugu atatumiwa meseji: amepokelewa, amelazwa, amehamishwa, amepasuliwa, ameruhusiwa. Dada wa mapokezi akauliza, "Na asipopona?" Watu wakatazama meza. Daktari mmoja akakohoa. Sista akasema, "Jamani, tusiwatabirie watu. Hayo mengine tumwachie Mungu." Wakaitikia amina, wakaenda kunywa chai. Mtu aliyetoka mbali angeliandika neno lile bila kupepesa macho, akaliwekea utaratibu wake. Wao walikuwa watu wa hapa. Kulitaja jambo hilo mezani, mchana kweupe, watu wakiwa wazima, kulikuwa sawa na kuliita lije. Basi halikutajwa, na kwa kuwa halikutajwa, liliangukia kwenye sheria ya jumla: kila hali ikibadilika, ndugu aambiwe.

Na wote waliokuwa katika chumba kile walijua vizuri msiba unavyopashwa. Mfiwa haambiwi kwa simu. Huitwa kwanza mtu mzima wa familia, akaambiwa tu kwamba mgonjwa hali yake si nzuri, aje. Naye huja na wenzake, wakaketi, wakasalimia, wakamzunguka mwenye kuambiwa, ili akianguka aangukie mikononi mwa watu. Walilijua hilo tangu utotoni, kiasi kwamba hakuna aliyefikiri mashine nayo inahitaji kufundishwa.

"Funga mlango wa mochwari," Jesca akasema, akatoka.

Alipita uwanjani akitembea upesi bila kukimbia, kwa sababu mtu akikimbia hospitalini watu husimama. Njiani aliomba. Maisha yake yote alikuwa akiomba vitu vifanye kazi, na leo aliomba simu ya mtu isiwake.

Sista Felicitas alikuwa mlangoni mwa wodi ya wazazi. Jesca akamweleza kwa maneno machache. Yule mama mtawa akafumba macho kidogo, akayafumbua.

"Nimeshampigia mjomba wake, Mzee Mwishehe, yuko kazini Wazo, kiwandani. Nimemwambia hali ya Jamali si nzuri, aje na mwanamke mtu mzima. Akaniambia, nimekuelewa Sista, nampitia mama yake mkubwa. Anakuja."

"Toka Wazo mpaka huku ni kuvuka jiji zima, Sista!"

"Ndiyo. Ndivyo ilivyo. Simu ya Mauwa ilikuwa kwenye mkoba wake. Nenda ukae naye, wewe hana wasiwasi nawe, hatashtuka. Mie akiniona tu na uso huu atajua."

Kitanda cha Mauwa kilikuwa dirishani. Alikuwa ameamka, uso umemvimba, mtoto amelazwa kifuani pake ndani ya khanga. Kitanda cha pili alikaa Zubeda, mama mnene mchangamfu wa Mbagala Kuu, aliyekuwa na mtoto wa nne na maneno ya kutosha wodi nzima.

"Zubeda," Mauwa alikuwa akisema, "simu yangu imejaa chaji?"

"Mwanamke wewe! Hata uji hujapewa, unataka simu. Unataka kujipiga picha na hiyo sura? Subiri uvimbe ushuke, usitishe watu."

Akina mama wakacheka. Mauwa naye akacheka, akashika tumbo kwa maumivu. "Usinichekeshe bwana, nyuzi zitakatika. Nataka nimpigie baba mtoto, wauguzi wa kule wampelekee sikioni. Alisema wa kike. Mie nilimbishia mpaka tukanuniana. Acha anicheke na yeye."

"Basi ngoja. Ilikuwa imekufa kabisa, nimekuchomekea mie." Zubeda akanyoosha mkono kwenye soketi ukutani, akaichomoa simu, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba. Kioo kikaangaza.

Jesca alikuwa ameshafika. Alinyoosha mkono, akaitwaa simu ile kutoka mkononi mwa Zubeda, kwa upole lakini kwa haraka, akaikumbatia kifuani.

"Ala!" Zubeda akasema. "Dada wa ofisini, vipi tena? Siku hizi mnatunyang'anya na simu?"

Simu ilikuwa inaamka kifuani pa Jesca. Ilikaa kimya, kisha ikatetemeka mara moja. Imefika, akawaza. Huduma aliyoijenga ilikuwa imetimiza kazi yake bila kosa.

"Nipe simu yangu, dada," Mauwa akasema.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema simu imeharibika. Angesema daktari amekataza mawasiliano wodini. Lakini alijua kwamba mwanamke huyu, kabla jua halijazama, atakumbuka kila neno aliloambiwa saa ile na nani alimwambia. Na ukweli nao haukuwa wake kuusema. Yeye hakuwa mjomba wala shangazi, hakuwa jirani, hakuwa hata mtu wa dini yake. Akainama mpaka nyuso zao zikawa karibu.

"Simu yako ni nzima, mama. Ninayo, na sitaifungua. Mjomba wako Mwishehe anakuja. Akifika nitakupa."

"Mjomba? Wa Wazo?"

"Ndiyo."

"Leo siku ya kazi."

Jesca akaiweka simu sawa kifuani.

"Anakuja peke yake?"

"Hapana. Anakuja na mama yako mkubwa."

Mauwa alimtazama. Kisha akamtazama mtoto, akaiweka vizuri khanga kichwani pake, ijapokuwa ilikuwa imekaa vizuri. Kicheko kilichokuwa wodini kikafifia, kitanda kwa kitanda, mpaka dirisha la upande wa pili. Zubeda akavuta khanga yake mabegani, akafunga mdomo. Hakuna aliyeuliza swali, na Mauwa mwenyewe hakuuliza habari ya Jamali. Jesca akaelewa kwamba kutouliza huko kulikuwa sehemu yake katika jambo hili. Maadamu hajauliza, na maadamu mjomba hajafika, mumewe yuko wodini kwake amelala.

"Unajua kukaa na mtu?" Mauwa akamuuliza.

"Najua."

"Basi kaa."

Jesca akakaa. Aliishika simu kwa mkono mmoja, mkono wa pili akampa Mauwa, na Mauwa akaukamata kwa nguvu za ajabu. Muuguzi alikuja akapima presha, akaandika, akaenda kumnong'oneza Sista. Akarudi tena, akapima tena. Midomo ya Mauwa ilikuwa ikienda polepole katika dua zake, na ya Jesca katika zake, Salamu Maria juu ya Salamu Maria, bila rozari, akihesabu kwa vidole vya mguu ndani ya kiatu. Hakuwa na uhakika kama ni sahihi kuomba kwa namna hiyo. Aliona hata hivyo ni bora kuliko kuacha.

Mzee Mwishehe aliingia jua likiwa limeanza kupita upande wa pili wa jengo. Alikuwa mtu mrefu, vumbi jeupe la saruji bado limo kwenye kamba za viatu vyake, amevaa shati safi aliloazima kwa mtu, kwa maana halikumtosha mikono. Nyuma yake alikuja mama mkubwa, mtandio umefungwa vizuri, macho makavu.

"Shikamoo mjomba," Mauwa akasema.

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Alhamdulillahi. Na huyu mgeni wetu?"

"Wa kike."

"Mashaallah. Ameshaadhiniwa?"

"Bado." Akamgusa mtoto shavuni. "Nilikuwa namngoja baba yake."

Mzee Mwishehe alivua viatu, akaviweka chini ya kitanda. Akanawa mikono kwenye beseni. Akamchukua mtoto kwa viganja vyake vikubwa, akaelekea kibla, akainama, akaisoma adhana katika sikio la kulia la yule mtoto, polepole, kwa sauti ya chini, bila kuruka neno. Mauwa alimtazama mjomba akiifanya kazi ambayo baba ndiye huifanya, na machozi yakaanza kumtoka kabla adhana haijaisha, wala hakuyafuta.

Mzee alipomaliza alimpa mama mkubwa mtoto. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaishika mikono yote miwili ya Mauwa. Jesca akaachia, akasogea.

"Mwanangu. Jamali alikuwa mtu wetu, na tulimpenda. Mwenyewe amemchukua. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun."

Sauti aliyoitoa Mauwa, Jesca hataisahau. Lakini alipoitoa alikuwa kifuani mwa mjomba wake, mama mkubwa amemshika mgongo, na Zubeda, pamoja na kidonda chake mwenyewe cha upasuaji, ameshuka kitandani kwake na kumshika miguu. Sista alikuwa amesimama hapo na sindano tayari. Presha ilipanda, wakamchoma dawa; ikapanda tena kidogo, halafu ikasimama. Mwili ulimtetemeka muda mrefu. Kifafa hakikuja.

Baadaye, kwenye korido, Jesca alimkabidhi Mzee Mwishehe ile simu, akamweleza kilichomo ndani yake. Mzee aliigeuzageuza.

"Miwani nimeiacha kiwandani. Nisomee."

Jesca akasoma. Aliisoma yote kwa sauti, hakuruka kitu, kwa kuwa aliona hana haki ya kuruka. Alipofika mwisho mzee akawa kama bado anasikiliza.

"Hiyo asante ya mwisho ni ya nini?"

"Meseji zote huishia hivyo, mzee."

"Nani kaandika?"

"Mie."

Mzee Mwishehe alimtazama, si kwa hasira. Alikuwa mtu aliyechoka, na mbele yake kulikuwa na kaburi la kutafutia mahali, watu wa kuita, maiti ya kuosha. "Binti yangu, aliyetakiwa kuambiwa ameshaambiwa. Hii haina kazi tena. Nionyeshe pa kubonyeza."

Jesca akamwonyesha. Kidole chake kinene kikagusa kioo, na ujumbe ukaondoka.

Aliporudi ofisini alimkuta Benjamin amekaa vilevile alivyomwacha. Chai ilikuwa mezani pake, imeganda utando juu.

"Yukoje?"

"Yupo. Ameambiwa na mjomba wake."

Benjamin akashusha pumzi. "Nimeufunga mlango wa mochwari. Na nimebadilisha maneno, ona. Nimetoa 'habari', nimetoa 'asante'. Nimeweka 'pole sana kwa msiba'."

"Hapana, Ben. Si maneno."

"Basi nini? Nimekaa hapa nawaza mpaka kichwa kinauma. Huduma ikipata taarifa lazima ifanye kitu, dada. Ndiyo kazi yake."

"Ifanye kumwita mtu. Sista, au muuguzi wa zamu. Impe jina la mtu mzima wa familia, si jina la mfiwa. Basi, inyamaze."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yule mtu arudi aseme, nimeshasema."

"Na asiporudi?"

"Imwite tena. Lakini yenyewe isiende."

Benjamin alijipangusa uso kwa viganja. "Hiyo siyo huduma sasa. Hiyo ni karani."

"Iwe karani. Mie nilikuwa karani."

Benjamin alitaka kucheka, akashindwa. "Tangu chuo nafundishwa kwamba hizi huduma zisijuane. Kila moja na lake, isijali mwenzake anabeba nini. Na ni kweli, Jesca. Maabara haina haja ya kumjua mtu. Famasi haina haja."

"Ni kweli," Jesca akasema. "Lakini hii moja ina haja." Akavuta kiti. Hakuwasha kompyuta. Alifikiri atakachowaambia watu wa kikao siku ya kuwaita tena, na akaona kwamba safari hii itambidi alitaje neno lile yeye mwenyewe, mbele yao, kabla chai haijaletwa.

Kabla hajakaa vizuri, muuguzi alisimama mlangoni. "Dada Jesca, Mauwa anakuuliza. Anasema yule aliyekaa."

Mauwa alikuwa ameegemezwa mito. Mama mkubwa alikuwa amesinzia kitini, mtoto mapajani. Simu ilikuwa juu ya shuka. Sauti ya Mauwa ilikuwa imekauka, ikabidi Jesca ainame.

"Ulijua," Mauwa akasema. "Pale uliponichukulia simu."

"Nilijua."

"Hukunidanganya, na hukuniambia." Akapumzika, akavuta pumzi. "Basi nisaidie lingine. Mama yake Jamali yuko Kitangari, huko Newala. Bi Somoe. Ana ugonjwa wa moyo yule mama, na Jamali ndiye wa mwisho kwake. Mjomba ameenda msikitini kupanga maziko. Watu wakianza kupiga simu huko atasikia tu kwa mtu yeyote, barabarani, kisimani. Sitaki. Humo ndani kuna namba ya shekhe wao. Piga wewe, mie sauti sina."

Jesca aliichukua simu, Mauwa akaifungua kwa kidole chake. Wakaitafuta namba pamoja. Iliita kwa muda mrefu.

"Asalaam aleikum," akasema mzee mmoja, na nyuma yake jogoo akawika.

"Shikamoo shekhe. Naitwa Jesca, napiga kutoka Dar es Salaam, hospitalini Mbagala. Niko hapa na Mauwa, mke wa Jamali wa Bi Somoe."

Jesca alisikia kiti kikivutwa.

"Ngoja nikae, mwanangu." Kisha, "Sema."

"Naomba uende nyumbani kwa Bi Somoe, shekhe. Na usiende peke yako."

Alimsikia akipumua. Halafu shekhe akasema, taratibu, "Nimekuelewa. Dada yake yuko shambani, nitamfuata kwanza. Mwambie Mauwa tuko naye. Na mpaka nikupigie mie, huko kwenu asipige mtu yeyote."

"Hatapiga mtu."

Simu ikakatika. Jesca akamweleza Mauwa alichoambiwa, neno kwa neno, na Mauwa akaitikia kwa kichwa. Nje watu waliokuja kuona wagonjwa jioni walikuwa wakiingia na vyungu vya uji na chupa za chai. Jesca aliiweka simu magotini pake, akaishika kwa mikono miwili. Akaanza tena kusali kimyakimya, safari hii kwa ajili ya mama mmoja ambaye hajawahi kumwona, anayepika au anayeota jua mlangoni pake na bado ana mwana. Mauwa akamwegemea begani. Wakakaa hivyo, wakingoja kuambiwa kwamba ameambiwa.